Mafundi wa kuhamisha DVD za harusi kwenda flashi mnatuharibia kumbukumbu, intalesi hamjui ni nini??

Wakuu habari za jioni, mimi humu huwa nasoma tu napita ila leo imenifika shingoni.

Nina DVD mbili za harusi yetu ya 2007, Moshi, ilipigwa na kamera ya zile kanda ndogo za MiniDV alafu mpiga picha akatuchomea kwenye diski. Mwezi uliopita wife kasema zihamishie kwenye flashi watoto waone, nikapeleka studio moja mjini, msimbazi mmoja kila diski, baada ya siku tatu nakabidhiwa flashi. Nachomeka kwenye TV ya flati. Jamani!! Ikifika kwaito ukumbi mzima una miguu minne minne. Ukiigandisha picha ndo utalia, shangazi yangu karusha mkono wa leso, mkono umechanika michirizi ya kulala kama meno ya chanuo, nusu uko huku nusu uko kule.

Narudi pale, dogo wa studio ananifungulia kipande gani? Ndafu inasubiri kukatwa! MC anaongea, watu wamesimama kama nguzo, mbuzi ndo kabisa, eti "mzee mbona hapa iko freshi, hiyo ndo kwaliti ya zamani". Sa mbuzi aliyeshachomwa atatoa michirizi saa ngapi? Michirizi inatoka kwenye kinachotembea tu we dogo.

Kwa wasioelewa, video ya intalesi kwa mfumo wetu wa TV, unaitwa PAL, sio picha 25 kamili kwa sekunde, ni nusu picha 50, zinaitwa fildi, moja imebeba mistari 288 ya namba witiri inayofuata imebeba 288 ya namba shufwa, jumla 576, na kati ya moja na nyingine imeshapita sehemu moja ya hamsini ya sekunde so mkono wa shangazi umeshasogea. TV ya chogo ilikuwa inazichora kwa zamu hivyohivyo, jicho haliambulii kitu. Flati inachora zote kwa mpigo. Na diski yenyewe nikiiweka kwenye deki, flati ileile, haina michirizi hiyo, maana diski imeandikwa kuwa ni intalesi na vyombo vinajua cha kufanya. Faili la dogo limeandikwa progresivu, yaani picha kamili kamili, TV itajuaje?

Ila kinachoniuma sio hicho, kusahau kudiintalesi, yaani kuzigeuza fildi kuwa picha kamili, kunarekebishika. Dogo kaikuza kutoka mistari 576 kwenda 720 "ili iwe HD" huku fildi bado zimeshonana!! Ukikuza hivyo kila mstari mpya unatengenezwa kwa kuchanganya mistari ya fildi zote mbili, ni sawa na kuchanganya mchele wa watu wawili alafu ukaupika, sa uje useme huu wako huu wangu. Unadiintalesi KWANZA ndo unabadili saizi, ukigeuza umeua. Na diski ya pili imerudi imepasuka kuanzia tundu la katikati, anasema ilikuja hivyohivyo. Ilikuja hivyohivyo na wewe ukaisomaje??

Diski ya kwanza nimejifanyia mwenyewe kwa laptop usiku. HandBrake, programu ya kubadili video, kwenye filta ya kudiintalesi nikaweka Bwdif preset (mpangilio ulio tayari) ya Bob ili kila fildi iwe fremu yake, yaani picha kamili, nipate 50 kwa sekunde, na mkumbuke kubadili fremureti, idadi ya picha kwa sekunde, maana zile preset zilizoishia na 30 zinakukatia hapohapo Bob yote kazi bure. Kutoa, watu wanatikisika mbele nyuma mbele nyuma kama daladala inayotafuta gia. Kumbe DV ya PAL, yaani video ya zile kanda ndogo, inaanza na fildi ya mistari ya chini na aliyechoma diski aliandika inaanza ya juu. Nikahamia ffmpeg, programu nyingine ya video, bwdif na parity=bff, yaani fildi ya chini ianze, ikatulia, leso ya shangazi inapepea laini kabisa. Mimi sio fundi nauza vipuri vya pikipiki, nimejifunza usiku mbili tu, wao wana bango wameandika "wataalamu".

Na kabla hujaja na ile ya "weka diintalesi kila kitu yaishe", hapana mkuu. Muvi za sinema kwenye DVD za PAL mara nyingi ni picha kamili ndani, wameikimbiza tu kutoka picha 24 kwa sekunde kwenda 25 ndo maana ya dakika 100 inaisha kwenye 96, hiyo ukiidiintalesi unapoteza mistari bure. Za Marekani nyingi zimerudiwarudiwa fildi tatu mbili tatu mbili kufikisha fildi 60 kwa sekunde, pale unarudisha fremu 24 za asili, hudiintalesi. Angalia kwanza ulichonacho, kipande chenye watu wanatembea sio mbuzi!

Sasa swali, maana diski ya pili ndo yenye kwaito yote na zawadi. Nimejaribu kurudisha faili kutoka 720 kwenda 576 kwa njia ya kawaida michirizi imegeuka ukungu. Mwenye kujua namna ya kuikokotoa nyuma mistari ikae palepale ilipokuwa aje, au kama kuna anayesoma diski iliyopasuka nusu, niko tayari kulipa. Ila kwa studio usiniambie.