Kuwatoa watoto nje kucheza grafu: ni kufundisha au ni kuchoma vipindi?

Wakuu habari za jioni. Naleta hii maana imenikaa rohoni tangu kikao cha wazazi juzi. Mi nafundisha hesabu sekondari ya kata huku pembeni ya Dodoma, kidato cha tatu, darasa moja watoto 74. Mzazi mmoja alisimama akasema kila nikimuuliza mwanangu mmesoma nini leo ananiambia tumecheza kamba na ticha wa hesabu, sasa mtihani wa taifa utakuja na kamba? Ukumbi mzima makofi. Na sio wazazi tu, hata ofisini kuna wenzangu wananiona naleta usanii.

Basi ngoja niwaambie hiyo kamba ni nini ndo mnihukumu.

Topiki ni fanksheni, yaani kanuni inayopokea namba na kukutolea namba nyingine. Nachora mhimili wa x na wa y uwanjani kwa majivu ya jikoni (chaki ya mita zote hizo nitaitoa wapi, na upepo wa huku mnaujua, ukichelewa dakika kumi mstari haupo), halafu kila mtoto anapewa namba yake kuanzia -4 mpaka 4. Kazi moja tu, zidisha namba yako kwa yenyewe kisha panda hatua hizo. Wa 0 anabaki palepale, wa 2 anapanda nne, wa 3 anapanda tisa. Sasa kijana wa -3 akashuka hatua tisa, akasimama peke yake kule karibu na vyoo, wenzie wanacheka. Sikumwambia kitu. Akamtazama wa 3 yuko juu, akamtazama wa -2 jirani yake naye yuko juu, akatulia kidogo midomo inacheza anahesabu, kisha huyoo mbio kupanda. Hasi mara hasi ni chanya, huyo kaandikiwa ubaoni tangu kidato cha kwanza sijui mara ngapi.

Tukapitisha kamba ya katani mikononi mwao, kule chini ikakaa kama V. Binti mmoja akauliza, ticha kati ya 0 na 1 anasimama nani? Jamani. Nikamweka yeye mwenyewe kwenye nusu, nusu mara nusu robo, kwahiyo apande robo ya hatua tu, akaishusha kamba mpaka usawa wa mguu wake ikaanza kupinda badala ya kukatika kona. Hapo ndo walielewa kwanini nawakataza kuunganisha nukta kwa rula.

Baada ya hapo ukisema ongeza 2 kila mtu anapanda hatua mbili, ukiweka hasi mbele umbo linapinduka, wenyewe wanasema limenuna. Ugomvi unakuja kwenye x toa 2 yote kipeo cha pili, yaani toa 2 kwanza ndo uzidishe kwa yenyewe, nusu ya darasa wanakimbilia kushoto kwa sababu wameona alama ya kutoa, na umbo linahamia kulia. Wakabishana wenyewe mpaka mmoja akasema kwani sasa hivi nani anapata sifuri? Ni wa 2, maana 2 toa 2 ni 0, basi yeye ndo anakaa chini kabisa na wengine wanamzunguka.

Faida naiona kwenye daftari. Wape x² − 4x + 3 watengeneze jedwali. Kwenye -1 jibu ni 8, ila wengi wanapata 0 kwa kusahau hasi mara hasi. Mtoto aliyekaririshwa hatua anaweka nukta yake kwenye 0, anaunganisha, anapata kitu kama nyoka, anakusanya na kuondoka zake. Aliyezoea umbo anashtuka, mbona haifanani na bakuli, anarudi kwenye jedwali. Na kwenye mtihani wa hesabu kidato cha nne kalkuleta haziruhusiwi, kwahiyo hilo jicho ndo mkaguzi wake pekee. Halafu ufaulu wa hesabu kidato cha nne miaka hii ya karibuni haujafika hata asilimia 30, sasa tunaogopa kuharibu kitu gani hasa?

Ila sitaki kujifanya msafi. Mwaka wa kwanza nilipoanza mambo haya niliwatoa nje wiki nzima, mikono juu, nyimbo, michoro ya rangi, raha tupu. Ukija mtihani wa mwezi wanatambua umbo chapchap lakini skeli hawajui, mhimili wanachora bila namba. Yule mzazi angekuja mwaka ule ningekosa la kusema. Siku hizi vipindi viwili vikifuatana, uwanjani ni nusu saa, dakika zinazobaki ni ndani na karatasi ya grafu, siku hiyohiyo, na anachora namba aliyokuwa amesimama yeye.

Aibu nyingine ni ile mtoto alininyooshea nyaya za umeme barabarani, ticha ile ni parabola (ndo jina la lile umbo letu la bakuli), nikamwambia umepatia. Kumbe waya unaoning'inia kwa uzito wake unaitwa katenari, unafanana tu. Kesho yake nikajisahihisha mbele ya darasa. Maji yanayoruka kutoka kwenye mpira wa kumwagilia ndo yako karibu zaidi na parabola, na makato ya kutoa hela kwa wakala ndo grafu ya ngazi safi kabisa, hiyo hata bibi yake anaijua bila kwenda shule.

NAONGEZEA: kuna mdau kaniuliza kwanini nisitumie GeoGebra, ile programu ya kuchora grafu, ni ya bure. Kweli ni ya bure na ni nzuri mno, naitumia kwenye simu yangu kuandaa somo. Ila simu moja watoto 74, kaka hesabu hiyo hata wewe unaiweza. Mwingine kasema Kiingereza ndo tatizo, hapo nakubali nusu: ukimwambia ataje kwa Kiingereza mahali grafu inapogeukia anagugumia, ukimwambia akasimame hapo anaenda moja kwa moja.

Kikao kingine ni mwezi ujao na nimemwalika yule mzazi aje siku moja kabla, nimempangia namba -3. Nyie wazazi na walimu wenzangu, mnasemaje, niendelee au nirudi ubaoni?