Niko Goma, nacheza raga: kuko mwanamke anayekula kwa raga ya watu 13?

BintiMajengo (Goma)

Bayaya, amani kwenu. Niko na miaka 19, naishi Majengo, nacheza raga ya watu saba tangu nikiwa sekondari. Uwanja wetu ni jina tu. Ni kiwanja juu ya lava ya zamani, kila Jumamosi tunafagia makoro (vijiwe vya lava) kabla ya mazoezi, na Jumamosi inayofuata yameota tena kama viazi. Magoti yangu mawili yana makovu, na moja lina kijiwe ndani ambacho hakijatoka mpaka leo.

Juzi kwenye simu ya kaka nimeona mechi ya wanawake wa Australia. Walikuwa 13 kila upande. Mtu akiangushwa hawamrundikani juu: wanamwachia, anasimama, anaweka mpira chini, anausukuma nyuma kwa mguu, mwenzake anaokota, wanaendelea. Nimeangalia mara nne mpaka megabaiti za kaka zikaisha, akakasirika.

Kaka anasema wale wanalipwa. Mama, anayeuza sambaza, wale samaki wadogo, pale soko la Kituku, anasema hakuna mtu duniani anayelipwa kwa kuangushwa, na kama nina nguvu ya kubeba watu, beseni la samaki liko. Nani ana ukweli? Na mtu wa huku anaweza kufika kule?

PapaChukudu (Goma)

Binti, meno ya ukubwani hayaoti mara mbili. Jifunze kushona.

BintiMajengo

Papa, wewe unashuka mlima juu ya chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, na magunia ya makala, breki yako kipande cha tairi, halafu mimi ndiye wa kuogopa?

Mwalimu wa Ibanda (Bukavu)

Kwanza tutenganishe mambo, maana hapa kwetu yote tunaita raga. Ile unayocheza, ya saba, ni mtoto wa raga ya 15. Ndiyo iliyoingia Olimpiki pale Rio mwaka 2016, na Lionesses, timu ya wanawake ya Kenya, walikuwepo, kisha wakaenda tena Tokyo. Uliyoona kwenye simu ni treize (kumi na tatu kwa Kifaransa), mchezo mwingine kabisa wenye shirikisho lake. Haiko Olimpiki. Hata hesabu si moja: kwenu esai, yaani kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani (wale wa Nairobi wanasema trai), ni pointi 5, kwao ni 4. Shirikisho letu la Kongo linashughulika na ile ya 15 na ya saba, kwa hiyo usiende kuuliza timu ya treize, watakushangaa.

Yaya wa Hull

Mdogo wangu, mimi ni mtoto wa Katindo, hapo hapo Goma. Nilifika Hull, Uingereza, mwaka 2015 nikitoka kambini Uganda, nikiwa na miaka 22. Siku ya kwanza kiwandani, tulikuwa tunapakia nyama, mama mmoja aliniuliza: wewe wa mashariki au wa magharibi? Nikadhani anauliza Kongo ya wapi. Kumbe anauliza upande wa mto. Magharibi ni Hull FC, weusi na weupe. Mashariki ni Hull KR, wekundu. Hapa treize ni kama chukudu Goma, inapita kila barabara. Huyo mama ndiye aliyenipeleka mazoezini.

Nilicheza mstari wa mbele miaka saba, timu ya mtaa. Kazi ya mbele nitakueleza hivi: timu yako ina mara sita za kuangushwa, ya sita ikifika bado mna mpira mnawapa wenzenu, ndiyo maana wengi wanaupiga mbali kabla. Mara ya kwanza na ya pili ni za sisi wanene. Unapewa mpira bado mko karibu na mstari wenu, wapinzani wamerudi nyuma mita 10, na wewe unakimbia moja kwa moja kuwafuata, unajua kabisa utaangushwa. Unatafuta mita nane tu, na kuamka haraka. Ule mguu uliouona ukisukuma mpira, ukiuchelewesha sekunde mbili ukuta wao umeshajipanga, umeharibu kazi ya wote.

Sasa makuta, yaani pesa. Mimi sikulipwa hata senti. Ni mimi niliyekuwa nalipa: ada ya klabu, mchango wa petroli, viatu. Jumanne na Alhamisi mazoezi, Jumapili mechi, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi niko kiwandani na shingo haigeuki. Mwaka 2019 nilimkaba mtu, yaani nilimkamata nimwangushe, kwa mkono ulionyooka, mtulinga ukavunjika. Wiki tisa. Kiwanda changu kilikuwa na mkataba wa saa, usipokuja hulipwi, na msimamizi aliniambia michezo yangu si shida yake. Kodi ililipwa na wenzangu wa timu. Mama yako akisikia hapo atacheka, lakini mwambie si hadithi yote.

Uingereza ligi kubwa ya wanawake ilianza 2017, Bradford wakachukua ya kwanza. Mpaka 2023 ndipo vilabu vichache kama Leeds na York vikaanza kuwalipa wanawake wao, na si mshahara wa kujengea nyumba. Wengi bado wana kazi mchana. Pa kula kwa mchezo ni Australia. Ligi yao ilianza 2018 na timu nne tu, kila moja mechi tatu halafu fainali, imeisha. Mwaka 2025 zilifika timu 12. Mkataba wa wachezaji wa 2023 uliweka mshahara wa chini kama dola 30,000 za Australia kwa mwaka, upande mpaka zaidi ya 50,000 ifikapo 2027. Usizidishe kwa franka ukarukaruka: kule nyumba na chakula ni ghali, na msimu ni Julai mpaka mwanzo wa Oktoba. Lakini ni mshahara. Hollie-Mae Dodd alitoka York akaenda Canberra mwaka 2023, na Georgia Roche wa Leeds akaenda Newcastle ya kule. Waangalie hao, maana hata wao, waliozaliwa katikati ya treize, ilibidi wavuke dunia.

Wewe kutoka Majengo moja kwa moja? Hapana. Sitakudanganya. Na mtu akikuambia toa dola 300 nikupeleke kujaribiwa Australia, huyo ni mwizi, hata kama ana picha na wachezaji. Cheza hiyo ya saba mpaka wakuone Kigali, wakuone Nairobi. Wengi wanahama kutoka raga ile kuja hii, miguu ni ile ile.

Tarehe 1 Novemba 2022 nilikuwa Leeds, Kombe la Dunia, Uingereza na Brazili. Brazili walipigwa 72 kwa 4. Hiyo 4 ni esai moja, na mpira wa nyongeza unaopigwa baada yake ukakosa nguzo. Nilipiga vigelegele peke yangu pale jukwaani mpaka mzee mmoja akanigawia chipsi zake.

Kitu kimoja cha kuanza Jumamosi hii: ukimkaba mtu, kichwa kipite upande wa matako yake, kisikae mbele ya magoti. Na mkono usinyooke!

BintiMajengo

Asante yaya. Nimemsomea Mama yote. Pale pa mtulinga amesema "eh-he". Pale pa dola 30,000 amenyamaza, akaniuliza Oktoba mpaka Julai wale wanawake wanafanya nini. Nimesema wengine wana kazi. Akasema basi beseni liko palepale.

Swali langu la mwisho: nitajifunzaje kuanguka juu ya makoro? Wasichana wawili wamegoma kukaba.

Yaya wa Hull

Fanyeni kwa magoti kwanza, mmoja amepiga magoti, mwingine anakuja akitembea. Na tafuteni kitu laini cha kumwaga chini, hata pembe moja ya uwanja.

PapaChukudu

Nyuma ya pale wanapopasua mbao kuko maranda, wanayatupa. Naweza kushusha gunia nne Jumamosi mapema. Meno lakini ni yako.

BintiMajengo

Leta sita, Papa.