Mahafali ya chekechea elfu 85 na huku dada yake anasubiri kwenda fomu wani, naombeni ushauri

mama_wawili_chanika
Habari za jioni wadau. Mimi ni mama wa watoto wawili nipo Chanika, mnisamehe maelezo marefu naandika nikiwa kwenye daladala na foleni haisogei. Mdogo anakaribia miaka sita, yuko chekechea ya mtu binafsi hapa mtaani, anamaliza mwaka huu na Januari anaanza la kwanza shule ya serikali, nishamwandikisha na cheti cha kuzaliwa kishatoka. Mkubwa ni wa kike, kamaliza la saba Septemba hii, shule ya serikali, matokeo yametoka kapata B namshukuru Mungu, sasa hivi tunasubiri majina ya TAMISEMI Desemba tujue kapangiwa wapi.

Shida ni hii. Juzi kwenye grupu la WhatsApp la wazazi wa chekechea limetumwa tangazo, mahafali Jumamosi ya mwisho ya Novemba, mchango elfu 85 kila mtoto. Mchanganuo wameweka: kukodi joho na kofia elfu 20, picha na fremu elfu 15, turubai chakula keki na muziki elfu 40, cheti na zawadi ya walimu elfu 10. Asiyelipa mpaka tarehe 20 mtoto wake "atakaa upande wa wageni". Mimi nauza chapati na maharage asubuhi, baba yao fundi ujenzi, mvua za mwezi huu mnaziona wenyewe, wiki ya pili hajaitwa saiti. Mchezo wa kupeana hela napokea katikati ya Desemba laki mbili na hiyo nimeipangia mambo ya fomu wani.

Sasa kinachoniumiza wala sio hela yenyewe. Huyu mkubwa mahafali yao ya la saba ilikuwa Oktoba, mchango elfu 15 tu na sikuwa nayo, wiki ile mdogo alikuwa na malaria kila kilichoingia kikaishia dawa. Hakwenda. Siku hiyo alifua nguo za nyumba nzima mpaka ambazo hazijachafuka, jioni wenzake wakapita barabarani na mashati yameandikwa majina mgongo mzima na kalamu za rangi, yeye akaingia ndani. Hakuniambia neno. Jana tangazo la mdogo linaingia simu anayo yeye, akanisomea, akasoma lote mpaka hapo pa joho, akanirudishia simu akasema mama kwa hiyo tutampeleka? Nikajifanya naangalia jiko.

Nilipe au nisilipe? Na huyu binti namwandaaje kwenda sekondari maana katoka Kiswahili kitupu, prifomu wani ya jirani hapa ni elfu 30 kwa mwezi.

kipanga_mweusi
Ngoja waje wenye watoto.

baba_pacha
Dada pole. Mimi niseme ukweli, chekechea anahitimu nini? Kujua a e i o u? Hawa wenye vituo wamegundua mzazi wa kibongo hawezi kukataa picha ya mtoto na joho basi wanatukamua kila Novemba. Mwaka juzi mapacha wangu wamehitimu, nimelipa mara mbili, wa kwanza alilala kwenye kiti kabla hata mgeni rasmi hajafika (alifika saa tisa, ratiba inasema saa nne), wa pili joho lilikuwa refu akalikanyaga akaanguka na risala mkononi. Akalia, watu wakapiga makofi wakidhani ni igizo.

Ila nisiwe mnafiki, ile picha ipo sebuleni na kila mgeni akija naionyesha mwenyewe. Kwa hiyo sikuelewi wala sijielewi.

Usikope tu. Kausha damu wa mikopo wasikusogelee kwa ajili ya keki.

fundi_gmboto
Mimi ni fundi cherehani Gongo la Mboto na majoho haya nayashona, wacha niwape siri ya kambi. Ni sateni ile ya kawaida ya bei chini, joho la mtoto wa miaka sita halili hata mita mbili, kofia ni kadibodi nimeivika kitambaa na shada la nyuzi nimeligundisha na gundi ya moto. Kuna kituo kimoja sikitaji, niliwashonea majoho 40 kwa elfu 18 moja, ni mwaka wa nne sasa yanakodishwa kila mwaka na nikipita nayaona yamefifia mabegani. Yani joho lilishajilipa siku nyingi, hiyo elfu 20 yako inaenda pengine.

Ushauri wangu usigombane nao. Nenda kwa mwalimu mkuu ana kwa ana usiandike kwenye grupu, mwambie mtoto ataimba na wenzake, joho utakuja nalo na picha utapiga mwenyewe, wewe unachangia chakula. Wengi wanakubali maana hawataki mtoto akose kwenye wimbo, mistari yake nani ataisema? Mimi ninayo mawili ya sampo hapa, njoo inboksi uchukue moja, utanirudishia Jumatatu.

Halafu kuhusu huyo binti, tafadhali usishone sketi kabla hujajua kapangiwa wapi. Kila Desemba naletewa kazi ya kufumua, mama ameshona ya bluu shule ikaja ya kijani. Subiri majina, subiri fomu ya kujiunga, ndio ununue kitambaa. Na mwambie fundi wako aache pindo la vidole vinne, watoto wa kike fomu wani wanarefuka kama mihogo ya masika, mwezi wa sita sketi imeshafika magotini mwalimu wa nidhamu anamsimamisha getini.

mwl_wa_zamu
Mimi ni mwalimu sekondari ya kata, naongezea upande wetu.

Mosi hiyo chekechea ni ya binafsi, mchango wao ni makubaliano yenu na mwenye shule hapo serikali haina cha kukusaidia sana. Shule za umma ni habari nyingine, ada ilifutwa 2016 (ile ya kutwa ilikuwa elfu 20 kwa mwaka wengine mmesahau) na Januari 2018 hayati Magufuli akapiga marufuku michango ya kulazimishana shuleni. Kwa hiyo mtoto wa shule ya serikali kuzuiwa mahafali kwa elfu 15 ni jambo la kwenda kuongea na mwalimu mkuu, mara nyingi ukienda wanamwacha anaingia. Najua limeshapita, nasema kwa wengine wanaosoma hapa.

Fomu ya kujiunga ikija usipaniki. Utaona orodha ndefu, madaftari makubwa, rimu ya karatasi, fagio la chelewa, jembe au kwanja, ndoo, viatu vyeusi vya kamba, sweta, fomu ya afya ya kujazwa hospitali. Hivyo vitu sio vya siku ya kwanza vyote. Shuleni kwangu kila Januari tunapokea watoto na sare zao za msingi, wanakaa darasani wanasoma, sare inafuata mzazi akipata. Kinachotuumiza ni mtoto anayefichwa nyumbani mpaka Machi kwa sababu mzazi anaona aibu hajapata sweta, anakuja wenzake wameshapita orientesheni. Kama ni kutwa anza na daftari na viatu, maana viatu ndio vitatembea. Mlete hata na shati jeupe la zamani.

Bweni ndio habari nyingine kabisa, kuna godoro, tranka, mashuka, nauli. Akipangiwa bweni rudi hapa tuongee upya.

Prifomu wani sio lazima. Wiki kadhaa za mwanzo tunafundisha Kiingereza tu kabla ya kuanza masomo yenyewe. Inasaidia nyumbani asikae bure tu.

Na mafundi kama huyo wa Gongo la Mboto jiandaeni, watoto walioanza la tatu na mtaala mpya 2024 wanaishia la sita 2027, mwaka huohuo na la saba wa mwisho. Januari 2028 madarasa mawili yanaingia fomu wani kwa pamoja. Sijui tutawakalisha wapi.

fundi_gmboto
Mwalimu hiyo 2028 nishaanza kununua nyuzi 😂

kata_mpaka_chuo
Mama hiyo elfu 30 usiitoe. Mimi nimetoka msingi ya serikali nikaenda kata sasa hivi niko chuo mwaka wa pili, nakwambia nilichokutana nacho.

Wiki ya kwanza mwalimu wa hesabu kaingia kaandika ubaoni LCM. Darasa kimya. Mimi la saba hesabu nilikuwa wa tatu shule nzima, KDS na KKS naitoa bila karatasi, lakini LCM sijui ni mnyama gani. Akafanya mfano, nikaangalia zile namba zinavyogawanywa moja moja zinashuka, nikasema mbona hii ni KDS! Nikageuka kumwambia jirani yangu nikapewa adhabu ya kuongea Kiswahili. Baiolojia hivyohivyo, mtu ananiambia photosynthesis nalia, kumbe ni usanisinuru ambayo nimeichora la sita na mishale yote, jua, majani, hewa ukaa. Nilipoteza muhula mzima nikijiona mjinga kumbe vitu navijua ila vimebadilisha jina.

Kwa hiyo fanya hivi. Usichome wala usifungie vitumbua madaftari yake ya la sita na la saba, hayo ni mali. Mnunulie kaunta buku moja, apige mstari katikati, kushoto aandike neno la Kiswahili kutoka daftari la sayansi, kulia Kiingereza chake. Mtafute fomu tuu yoyote mtaani amwazime kitabu, au kamusi. Maneno kumi kwa siku, Novemba mpaka Januari anakuwa na mia tano na zaidi. Huyo mtoto wa B atafika pale darasani anakutana na watu anaowajua.

Prifomu wani niliyosoma mimi (siku nne, hela ikakata) tulikuwa tunaimba vitenzi tu, go went gone.

baba_pacha
Hii ya kaunta buku naiba, wangu mkubwa la saba mwakani.

bibi_wa_ilala
Mwanangu Mama Wawili, shikamoo zenu nimezipokea hata ambao hamkunipa. Wote mmejibu joho na sketi, hakuna aliyemjibu yule binti aliyefua nguo safi.

Cheti chake cha kumaliza la saba mmeshakichukua? Kama bado, vaa vizuri siku moja, naye avae sare yake ya msingi iliyopigwa pasi, mwende wawili shuleni mkakichukue kwa mkono wake mwenyewe, sio umtume na jirani. Mkitoka hapo studio, picha moja na cheti. Na lile shati lake, hao wenzake wamekwenda wapi? Si wako hapo hapo mtaani mpaka Januari? Mpe kalamu awapitie nyumba kwa nyumba. Mimi mjukuu wangu alikuwa amelazwa siku ya mahafali yao, wenzake wakamwandikia wodini, nesi naye akaandika.

Usimwombe msamaha kwa maneno mengi, atalia nawe utalia chapati zitaungua.

mama_wawili_chanika
Bibi shikamoo kwanza, nisamehe nilipitiwa. Nimesoma nikafunga simu nikakaa kidogo.

kipanga_mweusi
Wamekuja.

mama_wawili_chanika
Jamani narudisha majibu maana watu huwa wanauliza halafu wanapotea.

Nimeenda kwa mwenye chekechea Jumanne, alikunja uso mwanzo, nikamwambia kama fundi alivyonifundisha, tumekubaliana elfu 40 ya chakula na joho nakuja nalo. Zawadi ya walimu nitapika chapati 50, hilo kalifurahia kuliko hela. Joho nimeshachukua Gongo la Mboto, fundi Mungu akubariki, limemfika kwenye vidole vya miguu dada yake amelipandisha kwa pini. Mtoto analala nalo tangu juzi na anatusalimia wote "wazazi wetu wapendwa hamjambo" kila tukipita.

Cheti tumekichukua jana. Nilifunga biashara mapema. Mwalimu wake wa darasa alikuwepo akamuuliza mbona siku ile hukuonekana, akasema nilikuwa na kazi mama. Tukapita studio, elfu 5. Shati hakutaka kabisa mwanzo, akasema muda umeshapita watamcheka, nikaliacha kwenye kamba na kalamu ya wino nimeibana kwenye kibanio cha nguo nikaenda zangu kununua unga. Nimerudi kuna wasichana watatu wako uani, mmoja anaandikia kwenye kola. Leo yamefika majina 17 na kaniambia shati hilo lisiguswe na maji.

Kaunta buku kaanza pia. Kaniuliza mmeng'enyo wa chakula kwa Kiingereza nikamwambia ngoja niulize watu wangu, nani anajua?

kata_mpaka_chuo
Digestion. Mwambie na kani aiandike chini yake, force, hiyo itamwandama mpaka fomu foo.