Miaka 9 redioni, nataka kutoka nianze chaneli yangu. Mliopita njia hii nishikeni mkono

SautiYaAlfajiri
Wakuu habari zenu. Mimi ni mtangazaji wa redio moja huku mkoani, kipindi cha asubuhi, mwaka wa 9 sasa. Saa tisa na nusu usiku nshaamka, saa kumi na mbili niko hewani, na mshahara saa zingine unaingia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Juzi nimeenda sokoni kununua dagaa, nimeuliza bei tu mama muuzaji akaacha kupima akaniangalia, "wewe si ndo yule wa asubuhi?" akanijazia kopo jingine hakutaka hela. Nimerudi home nawaza, kama sauti yangu watu wanaijua hivi mbona nisifanye cha kwangu? Nataka kuacha mwezi ujao, nina akiba ya miezi mitatu, simu yenye kamera nzuri na maiki ya kubana kwenye nguo. Hata Millard Ayo alitokea redioni, Amplifaya ya Clouds FM tuliisikiliza wote, leo Ayo TV iko pale. Nina watoto wawili, niambieni ukweli.

FundiMitambo
Dada hongera kwa miaka 9, si mchezo. Ila usiache mwezi ujao nakuomba. Millard alianza blogu yake akiwa bado yuko redioni, hakuruka gizani. Mimi niliruka. Nilitoka tv moja nikijua nina watu maana peji ya kipindi niliijenga mwenyewe usiku na mchana, kumbe ilifunguliwa kwa barua pepe ya ofisi, siku ya kuaga wakabadili paswedi na nikaanza na watu sifuri. YouTube wanataka sabskraiba 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12 ndo uanze kulipwa matangazo, mimi ilinichukua mwaka na miezi miwili. Afu ukifika dola 10 wanakutumia barua yenye namba ya siri kwa posta, barua ya karatasi kabisa, mimi niliandika sanduku la shule ya jirani barua ikapotea nikaomba nyingine nikasubiri tena. Na hela haitoki mpaka zifike dola 100. Hiyo akiba ya miezi mitatu itaisha hujaona hata senti dada, na watoto wanakula kila siku.

Wakili_wa_Mtaa
Naongezea. Soma mkataba wako leo usiku, angalia jina la kipindi ni la nani na kama unaruhusiwa kuwa na kazi nyingine pembeni. Jina lako la hewani nalo liangalie, kuna watu wamezuiwa kulitumia. Leseni: kanuni za maudhui mtandaoni zilipotoka 2018 ada ilikuwa milioni moja, 2022 zikarekebishwa, mzigo ukabaki zaidi kwa wanaotoa habari na matukio, kwa hiyo amua kwanza unafanya habari au mambo mengine, afu nenda ofisi ya kanda ya TCRA, ile Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, wakwambie la sasa hivi. Na nyimbo, jamani nyimbo! Redioni mlizoea kupiga chochote, YouTube ukiweka wimbo wa mtu video yako inaweza ikawa inaingiza hela na hela yote inaenda kwa mwenye wimbo.

Msafiri_254
Habari kutoka Nairobi. Usidhani ni aidha uajiriwe ama uende YouTube peke yake. Alex Chamwada alitoka Citizen TV akaanzisha Chams Media, Daring Abroad inapita kwa tv lakini kipindi ni chake. Hata wewe unaweza kuendea redio yako na kipindi kimoja cha wikendi, wadhamini unatafuta mwenyewe, mnagawana, na rekodi zinabaki zako.

DerevaBajaji
Mimi ni msikilizaji tu. Redio naisikia kwenye bajaji siku nzima bure, video ya dakika 40 inanimalizia bando. Wengi wanaokupenda tuko hivyo dada. Tuwekee vipande vya dakika tatu nne, sauti tupu, tutumiane WhatsApp, huko mtu atakujua jina hata kama hana hela ya bando kubwa.

SautiYaAlfajiri
Nimesoma yote mara mbili, Mungu awabariki. @FundiMitambo la peji limenishtua, nimeenda kuangalia na yetu ndo hivyohivyo, barua pepe ya ofisi. Sijaandika barua ya kuacha kazi. Nimefungua akaunti zangu kwa jina langu la kuzaliwa, nimerekodi kipande cha kwanza chumbani, nimening'iniza blanketi dirishani kuzuia kelele za barabarani, dakika tatu na sekunde kumi, bei za mazao ya wiki hii. @DerevaBajaji nakutumia uisikie kwanza. Kesho nikitoka zamu napitia Posta kuulizia sanduku langu mwenyewe.