Tupeane uzoefu: sosi ya pilipili kavu, vipimo kamili na mahali inapoharibika

Kinu na Mchi
Wadau, uzi huu ni wa sosi ya pilipili kavu, siyo mbichi. Lete gramu, dakika, na mahali watu wanapokosea. "Weka kiasi" haimsaidii mtu humu.

Naanza na kipimo cha msingi: pilipili gramu 50 (pima baada ya kutoa vikonyo na mbegu), maji ya moto mililita 500 ya kulowekea, kitunguu saumu punje 4, siki ya asilimia 5 mililita 120, chumvi gramu 8, sukari kijiko kimoja cha chai, mafuta vijiko viwili vya chakula. Unapata mililita 300 na ushee. Kama huna mizani nunua, kwa sababu kikombe cha pilipili kubwa na kikombe cha zile ndogo vina uzito tofauti kabisa.

Jiko la Nyuma
Kabla ya kupima, kagua. Pilipili kavu ya aina kubwa, ikiwa bado nzuri, inakunjika kama ngozi na rangi yake imekolea. Ikivunjika kama biskuti na imepauka, imezeeka: ukali utaupata, harufu hutaipata. Zile ndogo nyembamba huwa zinavunjika hata zikiwa mpya, kwa hiyo hizo zihukumu kwa rangi na kwa pua.

Pasua kila moja. Ukungu hujificha ndani, nje hauonekani. Ukiona utando wa kijivu au mweupe wenye manyoya, tupa pilipili nzima. Usiseme "moto utaua": sumu za baadhi ya ukungu hazimalizwi na moto wa jikoni.

Vumbi lifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ukiziosha kwa maji kabla ya kuzikaanga zitachemka kwa mvuke badala ya kukaangika.

Moto Mdogo
Nikae kwenye kukaanga, maana sosi nyingi chungu zinaharibikia hapo, halafu blenda ndiyo inalaumiwa.

Kikaango kizito, hakuna mafuta, moto wa wastani. Tupia pilipili moja ya majaribio. Ikivimba kidogo na kubadilika harufu ndani ya sekunde kama 10, kikaango kiko tayari. Ikitoa moshi papo hapo, punguza moto na usubiri. Aina kubwa uzilaze bapa, uzikandamize kwa mwiko, sekunde 15 hadi 30 kila upande. Ndogo uzikoroge bila kusimama, sekunde 30 zinatosha. Usichanganye kubwa na ndogo kwa pamoja, ndogo zitaungua kabla kubwa hazijapata moto.

Fuata pua kuliko saa. Harufu inaanza kama ya majani makavu, kisha inakuwa tamu kama zabibu kavu. Hapo hapo toa, mimina kwenye sahani baridi, kwa kuwa kikaango kinaendelea kupika hata ukizima jiko. Ukianza kukohoa, umechelewa. Pilipili yenye mabaka meusi itoe. Moja au mbili zinatosha kuharibu chupa nzima, na sukari haiufuti uchungu huo.

Maji Vuguvugu
Kuloweka: maji yachemke, epua, subiri dakika moja, kisha mimina. Usizichemshe jikoni, ganda linakuwa kama uji huku harufu ikiishia hewani. Zinaelea, kwa hiyo zikandamize kwa kisahani. Dakika 20 kwa nyembamba, 30 kwa zenye ganda nene. Chana moja kwa vidole: ikichanika kama kitambaa kilicholowa, tayari. Ikivutika kama mpira, bado.

Yale maji usiyamwage, yana rangi na ladha, tumia mililita 100 kusagia.

Moto Mdogo
Maji Vuguvugu, nakupinga kidogo hapo. Onja kwanza kijiko kimoja. Mara nyingine uchungu wa ganda wote umehamia kwenye maji. Yakiwa matamu kidogo au hayana ladha kubwa, tumia. Yakiwa machungu, mwaga, saga kwa maji safi ya moto.

Maji Vuguvugu
Sawa, hilo nalikubali.

Punje Tatu
Ukali haukai kwenye mbegu kama wengi wanavyodhani. Uko kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu; mbegu zinapakwa tu kwa kugusana nao. Ukitaka sosi ya wastani, kwangua utando. Mbegu zitolewe kwa sababu nyingine: zinaleta uchungu na sosi inakuwa na mchanga mchanga mdomoni.

Mikono: kikali cha pilipili, kapsaisini, hakiyeyuki vizuri kwenye maji, kinayeyuka kwenye mafuta. Kwa hiyo paka mafuta ya kupikia, sugua, halafu sabuni, halafu maji. Ukianza na maji matupu unakisambaza tu. Glavu ni bora kuliko yote haya.

Kinu na Mchi
Kusaga sasa. Anza na maji machache, yale tu yanayoiwezesha blenda kuzunguka. Maji yakiwa mengi vipande vya ganda vinaogelea na kukwepa kisu. Saga pamoja na kile kitunguu saumu dakika 3, ukisimama kusukuma kuta. Mchanganyiko ukiwa bado wa moto usifunge kifuniko kabisa: mvuke unakirusha, na pilipili ya moto usoni si mchezo. Chuja kwa chujio la waya, ukisukuma kwa mgongo wa upawa. Kitakachobaki kiwe makapi makavu, kama kingali rojo endelea kusukuma.

Kisha kaanga rojo hilo kwenye mafuta, moto mdogo, dakika 5 hadi 8. Litarukaruka, tumia sufuria yenye kina. Mafuta yakianza kujitenga pembeni na wekundu ukishuka kuwa kama wa tofali, weka chumvi, sukari, siki. Lichemke taratibu dakika 2, epua. Ukitia siki mapema utachemsha ukali wake uishie hewani, na jiko zima litakohoa. Sufuria ya alumini hapana: siki inaila na sosi inapata ladha ya chuma.

Chupa Safi
Kuhifadhi. Chupa ya kioo ichemshwe dakika 10, sosi imiminwe ingali ya moto. Kinachoilinda ni uchachu. Pima kwa karatasi za pH (kipimo cha uchachu; namba ikishuka, uchachu umepanda) sosi ikipoa: mstari wa hatari ni 4.6, wewe lenga 4.0 au chini yake. Chumvi ya kiwango hiki peke yake hailindi kitu. Weka kwenye friji, itumie ndani ya mwezi.

Wanaopenda kuzamisha kitunguu saumu kibichi kwenye mafuta ya pilipili, hapo kuna hatari ya kweli. Mafuta yanafungia hewa nje, kitunguu hakina uchachu, na bakteria wa sumu ya botulini wanapenda mazingira hayo hayo. Friji, siku 4, basi. Nje ya friji kamwe.

Mgeni Jikoni
Yangu inajitenga, maji chini, rojo juu. Na nikiweka limau badala ya siki?

Chupa Safi
Kujitenga si kuharibika, tikisa. Ikikukera, saga tena dakika 2 baada ya kukaanga, au ongeza kijiko cha karoti iliyochemshwa, inashika maji. Limau uchachu wake hubadilika tunda hadi tunda, kwa hiyo usikisie: pima pH.

Mgeni Jikoni
Na ikizidi ukali?

Punje Tatu
Usiongeze maji, utapata sosi kali iliyo nyepesi. Ongeza hoho nyekundu iliyochomwa na kumenywa, gramu 100 kwa chupa, saga pamoja. Ila hoho inapunguza uchachu, kwa hiyo ongeza siki vijiko viwili vya chakula, chemsha tena dakika 2, na karatasi ya pH irudi kazini kabla hujafunga chupa.