Kapi kwenye mfereji msimu wa baridi: wanakula kweli au napoteza muda?

Mshipi_Mrefu:
Wakuu habari zenu. Mimi navua kwa kujifurahisha tu, samaki nikimtoa nampiga picha namrudisha majini, sina haraka na mtu. Sasa kipindi cha joto mfereji wetu ulikuwa raha tupu, kapi (wale samaki wa carp) wanajionyesha wenyewe, wanaruka, wanatibua maji pembeni ya matete, unatupa kidonge cha chambo hata hujakaa vizuri kwenye kiti alamu ya fimbo inalia. Tangu baridi ianze ni kimya. Natupa palepale, chambo kilekile, namwaga cha kuwavutia kama kawaida yangu, kutwa nzima mshipi umetulia tu.

Jamaa mmoja ninayekutana naye ukingoni ananiambia kapi wakati huu wamejifukia kwenye tope wamelala mpaka joto lirudi, nikunje vitu niende zangu. Ila kuna mzee anakuja mchana mchana hivi, anakaa muda mfupi tu pale nyuma ya daraja boti zinapogeuzia, sehemu ambayo mimi nilikuwa naiona haina hata maana, na nimemwona kwa macho yangu anatoa kapi mzuri tu. Nikimuuliza anacheka, anaendelea kufunga mzigo wake.

Sasa naomba kujua, wanakula au hawali? Na kama wanakula wapo wapi na wanataka nini? Mfereji una kina cha mita moja na nusu hivi sehemu nyingi, na mbele kidogo unaungana na mto. Natanguliza shukrani.

Boya_Jekundu:
Kunja vitu mkuu 😂 kapi wa baridi mimi nawaona kwenye video za watu tu

Chubwi_Zito:
@Mshipi_Mrefu usimsikilize huyo wa hapo juu, wala huyo jamaa yako wa ukingoni. Kapi halali usingizi wa kujifukia msimu mzima. Anachofanya ni kupunguza mwendo. Joto la mwili wake linafuata joto la maji, maji yakipoa na kila kitu ndani yake kinakwenda taratibu, mapigo ya moyo, usagaji wa chakula, kila kitu. Halafu kumbuka kapi hana tumbo la kuhifadhia chakula kama letu, anatafuna kwa meno yaliyo kooni kisha chakula kinakwenda moja kwa moja kwenye utumbo mrefu. Kwa hiyo kipindi cha joto anakula na kutoa, anakula na kutoa, ila maji yakishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi alichokula jana bado kinamhangaisha leo. Anakula ndiyo, ila kidogo na kwa muda mfupi, na kubwa kuliko yote hatembei umbali mrefu kufuata chambo chako.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Kipindi cha joto samaki anakuja kwenye chambo, msimu wa baridi chambo ndicho kinamfuata samaki hadi mlangoni kwake. Usipotupa karibu na pua yake basi umekaa pikiniki.

Na wakati wa baridi hawatawanyiki, wanajikusanya kundi moja mahali padogo. Unaweza kuwa na mfereji mrefu wa kilomita kadhaa, kapi karibu wote wamebanana sehemu moja na kwingine kote hakuna kitu. Sasa jiulize kwa nini mzee anakaa pale boti zinapogeuzia. Pale mfereji umepanuliwa, kwa kawaida pana kina zaidi kidogo, na wakati wa baridi boti zikiwa chache hakuna anayewasumbua. Daraja nalo linakinga upepo. Mzee si mchawi.

Sehemu nyingine za kuangalia: chini ya boti zilizofungwa muda mrefu bila kuondoka, kwenye vichaka vinavyoinamia majini, kwenye masalia ya matete hata kama yamekauka, karibu na malango ya maji (ila siyo pale maji yanaposukuma kwa nguvu), na ukingo unaopigwa na jua la mchana. Usidharau huo wa jua. Maji mafupi yakipata jua saa chache yanapanda joto kidogo sana, hata nusu ya nyuzi, na kwa samaki ambaye amekaa siku nzima bila kujisikia kula hiyo nusu inatosha kumwamsha. Kama kuna kiwanda au mtambo wa umeme unaotoa maji ya uvuguvugu kwenye mto wenu na sheria za pale zinaruhusu kuvua, anzia hapo, usisome tena ujumbe wangu.

Jambo jingine, watu wanasoma ushauri wa mabwawa wanauleta kwenye mfereji. Utasikia nenda kwenye kina kirefu chini kuna joto. Hiyo inatokana na maji kuwa mazito zaidi yakiwa kwenye nyuzi 4, kwa hiyo bwawa lenye kina kirefu lililotulia juu linaweza kuwa na barafu na chini ikabaki 4. Mto hauna habari hiyo kwa sababu mkondo unachanganya maji yote, juu na chini ni sawa. Mfereji wenu wa mita moja na nusu nao unapoa wote kwa pamoja na unapata joto wote kwa pamoja, haraka kuliko ziwa. Kwa hiyo kwenu angalia mabadiliko. Siku tatu nne za baridi ileile ni bora kuliko siku moja ya jua iliyofuatiwa na usiku wa kugandisha. Joto likishuka ghafla kaa nyumbani, joto likipanda hata kidogo kimbia majini.

Nunua thamometa, ifunge kwenye kamba yenye kauzito, izamishe mpaka chini uache dakika chache. Pima sehemu mbalimbali, andika. Utashangaa.

Mshipi_Mrefu:
Aisee Chubwi asante sana, hapo kwenye mabwawa umenigusa maana ndiyo ushauri niliokuwa naufuata. Sasa chambo je? Nina vidonge vya unga wa samaki vimebaki vingi tu.

Dada_Ndoana:
Hivyo weka friza kaka, vitakufaa joto likirudi. Vidonge vyenye mafuta mengi maji yakiwa baridi sana mafuta yanakuwa mazito hayasambai, harufu haitoki, na samaki mwenyewe vinamchukua muda kusaga. Wapo watakaokubishia na wanavua navyo mwaka mzima, sawa, ila mimi msimu wa baridi naenda na vitu vinavyoachia haraka majini, mkate, mahindi matamu ya kopo, na funza.

Funza wazima ndio namba moja kwangu, wanacheza chini pale na kapi hata kama hana hamu anashindwa kujizuia. Ubaya wake kila samaki mdogo wa mfereji naye anawataka, utasumbuliwa na vidagaa mpaka uchoke. Wakizidi badilisha uweke punje moja ya hindi kwenye kauzi kafupi kanakoning'inia nyuma ya ndoana, moja tu, au ya plastiki ya rangi kali ya njano au pinki. Hiyo inafanya kazi hata bila chambo kingine chochote pembeni, kapi anaiona anaionja kwa udadisi.

Kuhusu kumwaga chambo: acha! Kipindi hiki ukimwaga makopo mawili umeshamaliza siku. Kama kuna samaki wanne pale na kila mmoja anataka vipunje vitano, uwezekano wa kuchagua cha kwako upo wapi? Kiganja kimoja kinatosha, na mara nyingi hata kiganja ni kingi. Mimi nachukua mkate mweupe nausaga uwe unga laini, nalowesha kidogo, natengeneza kidonge kama jicho la mbuzi nakibana kwenye chubwi, kikifika chini kinapasuka kinakuwa wingu, hakuna cha kushibisha ila kuna cha kunusa. Vile vifuko vinavyoyeyuka majini pia vizuri ila kwenye maji baridi vinachelewa kuyeyuka, usivute mshipi mapema ukadhani kimeshafunguka. Jaribu kimoja pembeni ya miguu yako kwanza uone kinachukua muda gani.

Ndoana shuka hadi namba 8 au 10, uzi wa mwisho mwembamba kuliko wa kiangazi maana maji ya baridi yanakuwa maangavu. Na usisubiri alamu ikulilie kama zamani. Kapi wa baridi anachukua chambo anasimama hapohapo, unasikia "tip" moja basi. Kile kidude kinachoning'inia kwenye mshipi kukuonyesha samaki amegusa weka chepesi kabisa, macho yawe kwenye ncha ya fimbo.

Boya_Jekundu:
Dada hiyo tip moja mimi huwa najua ni jani limepita 😅

Dada_Ndoana:
Wengi wanajua hivyo, ndiyo maana huwatoi

Mshipi_Mrefu:
😂😂 Mmeniua. Sasa kwenye suala la majani ndo tatizo jingine, ule mfereji chini umejaa majani yaliyooza, ndoana inarudi na jani kila mara. Na nikiona mapovu najuaje ni samaki au ni uozo tu?

Chubwi_Zito:
Majani kweli ni kero. Tupa chubwi tupu bila ndoana, likigusa chini livute taratibu usikilize mkononi. Kwenye majani unasikia kama linanata kisha linaachia, linanata linaachia. Kwenye changarawe linagongagonga. Kwenye tope laini linateleza zito bila kelele. Unatafuta kipande kisafi, hata cha ukubwa wa meza kinatosha, ukikipata bana mshipi kwenye klipu ya rili (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi) ili kila ukitupa ufike palepale.

Ila tope usilikimbie lote. Kuna tope jeusi linalonuka mayai viza, hilo achana nalo. Lakini lile laini lisilonuka ndimo wanamoishi vile vibuu vyekundu vya mbu wasiouma, wanakuwemo hata wakati wa baridi kali na kapi anawajua vizuri. Ukivuta chubwi ukakuta kibuu chekundu kimenasa kwenye fundo la mshipi, kaa hapo.

Mapovu ya uozo yanatoka sehemu moja, makubwa, moja moja, yanatulia kisha yanaanza tena palepale. Ya kapi anayekula ni madogo mengi kwa mkupuo kama soda na yanahama, mkupuo wa pili unakuwa hatua moja mbele ya wa kwanza. Ukiyaona msimu huu usitupe juu yake, tupa mbele ya anakoelekea. Na asubuhi na jioni simama juu ya daraja uangalie tu bila fimbo, hata baridi kapi wanajigeuza juu ya maji mara mojamoja, na mmoja akijigeuza ujue wenzake wapo naye.

Pwagu_wa_Mtoni:
Mimi navua mtoni zaidi kwa hiyo niongezee. Mkondo ukiwa na nguvu kapi hawezi kupoteza nguvu kupambana nao, tafuta maji yaliyotulia, nyuma ya nguzo, kona ya ndani, mdomo wa mfereji pale unapoungana na mto. Huo muungano wenu uliousema mimi ningeanzia hapo kabla ya daraja. Mvua pia zinatofautiana. Mvua ya hali ya hewa ya uvuguvugu ikijaza mto inaleta joto na chakula, samaki wanaamka. Theluji ikiyeyuka ikaingia mtoni hiyo ni maji ya barafu, usihangaike.

Ila sikubaliani na mchana mchana tu. Kuna maji mengine kapi wa baridi wanauma usiku, giza likiingia tu saa moja hadi saa tatu. Inategemea na maji.

Chubwi_Zito:
Kweli inategemea, ila kwa mtu anayeanza baridi kwenye mfereji wa mita moja na nusu, saa sita hadi jioni ndiyo maji yamefikia joto lake la juu. Aanzie hapo, usiku atajaribu akishajua walipo.

Mzee_Kasia:
Vijana mnaongea chambo tu hamna aliyegusia usalama. Huyo anayetaka kukaa usiku asikilize. Usiwashe jiko la gesi wala la mkaa ndani ya hema eti upate joto. Ile hewa ya sumu haina harufu wala rangi, unasinzia na huamki. Wavuvi wamekufa hivyo. Pikia nje, ndani vaa nguo za tabaka, soksi kavu za akiba, kofia. Na ukingo ukiganda unateleza, vueni wawili au angalau mtu ajue ulipo. Pombe nayo inakudanganya una joto kumbe unalipoteza.

Na samaki mwonee huruma. Hewa ikiwa chini ya sifuri usimweke nje akisubiri simu ipate mwanga mzuri, matamvua na macho yanaweza kuganda. Andaa kila kitu akiwa bado kwenye wavu majini, lowesha godoro la kumlazia, lowesha mikono, toa ndoana, picha moja, rudisha. Kidonda msimu huu kinachelewa sana kupona maana mwili wake upo taratibu.

Mshipi_Mrefu:
Mzee Kasia shikamoo, nimekusikia, jiko linabaki nje. Kesho naenda na thamometa na chubwi tupu, ndoana sifungi mpaka nimalize kupima kuanzia darajani hadi kwenye muungano. Swali la mwisho, nikikuta darajani 6 na kwenye muungano 6 hivyohivyo nachagua wapi?

Pwagu_wa_Mtoni:
Muungano

Chubwi_Zito:
Daraja. Mzee ameshakuonyesha samaki walipo, wewe bado unauliza thamometa 😂

Dada_Ndoana:
Si una fimbo mbili kaka? Moja huku moja huku ni mbali, huwezi kuziacha bila mtu. Anza muungano asubuhi jua bado halijapiga, saa sita hamia darajani. Na ukimkuta mzee, usitupe karibu yake, mpelekee funza.