Kumwacha pweza mdogo peke yako kunasaidia?

Mwambani: Wakuu, mtu akimwacha pweza wa chini ya gramu 500, bamvua (siku maji yanapokupwa sana) hilohilo mwenzake anamchomoa. Wajibu wake unabaki wapi?

Kusi: Unabaki palepale, ila hautoshi. Jike hutaga mara moja tu, hulinda mayai pangoni bila kula, kisha hufa. Ukimchoma kwa chuma kabla hajataga, uzao wote umekwenda. Ndiyo maana Kisiwa Panza, Pemba, hufunga sehemu ya mwamba, pweza wasivuliwe hapo, kwa miezi kadhaa kupitia kamati ya wavuvi.

Pwani Yetu: Sehemu, jamani, si mwamba wote! Kina mama wanaovua kwa miguu maji yakitoka hawana chombo cha kwenda kwingine. Mkiwafungia kila mahali, mtawakuta humo usiku. Wekeni maboya, zamu za doria, na faini iliyopitishwa kikaoni nao wakiwepo. Angalieni sana siku ya kufungua: watu hukimbilia, wanavunja matumbawe kwa chuma, na pango lililovunjika halipati mkaazi mwingine.

Mwambani: Na mnunuzi?

Kusi: Aitwe kikaoni, aje na mizani. Akikataa wa gramu 300, nani atahangaika kumchoma?